Mvumo Kwenye Simu ya Mezani

Jumapili, 3 Machi

Simu ya mezani imelia saa kumi jioni. Nilikuwa napiga pasi mapazia niliyomshonea daktari wa meno. Nikapokea – mvumo mtupu. Zzzz, kama nyuki ndani ya debe. Katikati yake sauti ya mwanamume. Nikasikia "Dada". Kisha "hospitali". Kisha kitu kama "Jumapili". Nikamwambia apaze sauti, sisikii. Ikakatika.

Mtu mmoja tu duniani huniita Dada vile, akiivuta ile "a" ya mwisho kama mtoto anayeomba kubebwa. Mdogo wangu. Miaka tisa!

Namba yake sina, na simu hii haionyeshi nani kapiga. Nimekaa karibu nayo mpaka giza likaingia. Mapazia yamepoa na mikunjo yake. Nitayarudia.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeinua mkono wa simu mara nane leo. Mvumo uko palepale.

Nilianza kushuku cherehani, maana ina mota. Nikaichomoa. Bado. Friji, redio, pasi – vyote nikachomoa. Bado. Nikaihamishia simu kwenye soketi ya chumbani. Inavuma vilevile.

Mwisho nikazima swichi kubwa. Nyumba yote ikanyamaza. Sikujua nyumba yangu ikinyamaza huwa hivi. Hata friji kumbe ilikuwa inanisemesha. Nikainua mkono wa simu gizani: zzzz. Basi kelele hazitoki kwangu. Zinatoka nje.

Nimeipigia kampuni ya simu kwa simu ya mkononi. Fundi atakuja kesho, wamesema.

Jumatano, 6 Machi

Fundi hakuja jana. Leo pia hola. Wanasema kesho.

Mama wa duka la viatu alipiga kuulizia mapazia yake, kwa ule mvumo akadhani niko kiwandani. Akaniuliza kwa nini nang'ang'ania simu ya waya wakati ya mkononi ninayo. Nikamjibu wateja wameizoea. Mwongo mkubwa mimi. Namba hii ndiyo pekee anayoijua mdogo wangu. Nimenuna miaka tisa, lakini laini sijawahi kuiacha ikatwe hata mwezi mmoja.

Wacha niandike, kwani nani atasoma. Mama aliugua miaka minne. Kumgeuza, kumwogesha, kumlisha – peke yangu. Mdogo wangu alituma salamu. Siku ya maziko nikawasimamisha watu saa nzima juani nikimngoja. Hakutokea. Jioni nikampigia, nikamwambia sina ndugu. Nilitaka abishe. Akasema tu, "Sawa, Dada."

Alhamisi, 7 Machi

Fundi kafika! Mtu mzima, mrefu, na ngazi begani. Akasikiliza kidogo, akacheka puani, akatoka kuufuata waya ukutani. Hakwenda mbali. Jirani yangu mwalimu mstaafu alifunga pampu ya maji mwezi uliopita, na aliyemfungia akauzungusha waya wa umeme kwenye waya wangu wa simu, akaukaza kwa kamba za plastiki. Waya wangu wenyewe mzee, ganda limepasuka. Fundi akasema umeme na simu ni kama mke na wifi: mtaa mmoja sawa, chumba kimoja hapana.

Ikabidi nibishe hodi kwa mwalimu. Mwaka mzima tumeishia "habari" na "nzuri". Akatoka na kandambili, kaona aibu kweli. Akazima umeme wake, akashika ngazi mwenyewe saa mbili zote, fundi akitenganisha na kubadilisha.

Huku ameshika ngazi akaniambia jambo. Kwamba husikia cherehani yangu ukutani. Ikinyamaza mchana anajua nimekwenda kula, naye anakwenda kula.

Nikasema nitajitahidi nisichelewe.

Laini sasa ni safi. Unasikia ule mlio mmoja tu mwembamba, na nyuma yake hakuna kitu.

Ijumaa, 8 Machi

Hajapiga.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeshona jozi tatu za mapazia. Mara moja niliinua simu kuhakikisha haivumi, kisha nikashtuka – je, kama ndiyo dakika anapiga, akakuta laini ina mtu? Nikairudisha haraka. Sijaigusa tena.

Jumapili, 10 Machi

Kapiga. Saa tisa na robo. Sauti safi, kama yuko chumba cha pili. Imezeeka.

Wiki ya tano yuko hospitali. Sukari. Mguu wa kushoto wamekata chini ya goti. Jumatano wanamruhusu. Mkewe aliondoka zamani, sikuwa na habari. Akasimulia polepole, bila kulia, na mimi nikawa naitikia "ee", "ee".

Kisha akasema siku ya maziko alifika mpaka kituo cha basi, na nguo nyeusi kavaa. Akashindwa kupanda. Alijua nitamuuliza alikuwa wapi miaka minne.

Halafu: "Dada, nije kwako?"

Nikamwambia subiri, nizime jiko.

Jiko halijawashwa. Nimekaa. Mkono wa simu uko hapa mezani, kando ya daftari, naandika ili mikono iwe na kazi. Kumgeuza, kumwogesha, kumlisha. Nayajua yote, hata uzito wa mgonjwa mgongoni naujua. Na nikikataa nitasikia tena "Sawa, Dada", halafu cherehani, halafu friji.

Laini safi mno. Namsikia anapumua. Kuna mtu huko anamwambia amalize, wenzake wanaisubiri simu.

Anamjibu kwa upole: "Kidogo tu. Dada yangu anazima jiko."