Mashine Imewaka, Baba Mwendwa

Baba Mwendwa,

Ugali uko kwenye sufuria, mchicha nimeufunika na sahani. Ukirudi kutoka Ukunda na hiyo plagi mpya, usiitafute mashine ya kukata nyasi. Nimeisukuma mwenyewe hadi Diani, kwenye ile nyumba unayotunza bustani, kwa sababu wageni wanafika saa sita na nyasi bado ni ndefu.

Imewaka. Sijui imewakaje.

Asubuhi ulipoondoka ukisema, "Umetia mafuta ya taa kwenye petroli, Kalondu, umeniharibia kazi," nilikaa nikalia kidogo. Kisha nikalegeza kifuniko cha tangi ili ninuse. Ni petroli tupu. Nikavuta kamba kwa hasira tu, kifuniko kikiwa bado kimelegea, na mashine ikanguruma. Nilipokikaza ikazimika baada ya dakika chache, vile vile ilivyokufanyia wiki nzima. Nikilegeza inawaka, nikikaza inazimika. Nimetazama vizuri: kile kitundu cha juu ya kifuniko kimezibwa na udongo wa nyigu. Kwani tangi nalo linapumua? Wewe ndiye fundi, nieleze.

Kuku hawajapewa maji.

~~Usinifuate.~~ Njoo na sindano ya kuzibulia. Sijui nikikuona nitacheka au nitanuna. Lakini kabla hujaishika mashine, utaniambia, mbele ya askari wa geti la hiyo nyumba, kwamba mimi sikutia mafuta ya taa.

Mama Mwendwa