Masahihisho ya Supu

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo,
Jumapili, tarehe tisa, saa nne asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Magoti yameizoea baridi, au bado unashuka ngazi kwa kuhesabu? Wifi hajambo? Na wanangu je, yule mkubwa ameacha kutafuna kucha? Kitindamimba bado anamkimbia paka? Waambie shangazi yao anawauliza kwa majina yote, ya nyumbani na ya shule. Mimi mwili ni mzima. Darasa langu lina watoto sitini na wawili, na kalamu nyekundu haifikishi wiki mbili. Usingizi tu ndio umenikimbia, na ndio ulionikalisha mezani asubuhi yote hii.

Barua yako niliipata. Umenicheka sana, eti mwalimu mzima wa hesabu anazunguka mjini kila Jumamosi mchana kuwapa wapishi alama. Cheka tu. Mimi na mwenzangu wa jiografia, yule ninayemwita Ramani kwa sababu hupotea hata njia ya kwake, tumeshakula kwenye migahawa kumi na mmoja ya vyakula vya Asia. Sheria ni ile ile: alama juu ya kumi, sababu kwa maneno machache, kadi inatumbukia kwenye kisanduku cha maoni kabla hatujatoka.

Wahindi wa karibu na posta wamepata nane. Mkate wao unafika ukiwa bado umevimba kwa moto, ila mwenye mgahawa anasimama nyuma yako kama anakuhesabia matonge. Wakorea sita. Wanakuletea jiko mezani na nyama mbichi, uchome mwenyewe, na Ramani akauliza kama vyombo navyo tutaosha sisi. Wajapani saba, ingawa Ramani alimtazama samaki wake mbichi kwa muda mrefu, akamwomba radhi. Wathai tisa. Pilipili yao ilinitoa machozi nikalia mbele ya watu bila kuulizwa nina nini.

Ningependa barua iishie hapo kwenye utani. Lakini nimekuandikia kwa ajili ya Baba. Ndiyo, nimemtaja. Miaka ishirini na mbili hujataka atajwe, na nimekutii kwa sababu wewe ndiye uliyenisuka nywele na kunipeleka shule baada ya yeye kuondoka. Leo sitakutii. Nitakueleza nilichokikuta, kisha nitakuuliza jambo moja, na nakuomba unijibu ukweli hata kama utaniuma.

Jumamosi ya wiki iliyopita mvua ilitukamata kwenye barabara ya mafundi cherehani. Mlango wa karibu ulikuwa wa mgahawa wa Kichina, mlango mwekundu uliochubuka rangi. Nikakataa kuingia. Nilishakula pale mara moja, miaka mitatu iliyopita, wiki moja baada ya kumzika Mama, na niliwapa nne. Aliyepata nne kwangu simrudii. Ramani akasema yeye hana muda wa kunyeshewa kwa sababu ya hesabu zangu, akanisukuma ndani.

Hata kiti sijakivuta vizuri, nikasikia kisu jikoni. Mapigo matatu, mkwaruzo mmoja. Mapigo matatu, mkwaruzo mmoja. Kaka, kisu hicho unakijua. Baba alikuwa anakata mara tatu, halafu anakwangua ubao kwa mgongo wa kisu. Wewe ulikuwa ukifanya kazi zako za shule kwa mapigo hayo, na mimi ndiyo yaliyonilaza. Vinyweleo vilinisimama mikono yote miwili. Nikajiambia ni njaa.

Mhudumu alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Alikuja na kidaftari chake, lakini hakuniuliza nitakula nini. Alikuwa anaitazama kalamu nyekundu niliyoichomeka kwenye nywele, unaijua tabia yangu hiyo. Akageuka, akarudi jikoni. Kisu kikanyamaza.

Baada ya muda likaletwa bakuli la supu ya tambi ambayo hakuna aliyeiagiza. Akaliweka mbele yangu, si mbele ya Ramani. Nikaangalia karoti. Kila kipande kilikuwa kimetolewa pengo dogo ukingoni, pengo moja tu.

Sijui kama unakumbuka. Nilipong'oka jino la mbele nilijifungia chumbani, nikasema shule siendi tena. Baba akapika supu, akakitoa pengo kila kipande cha karoti, akaja kukaa mlangoni na bakuli. Akaniambia hata karoti zinang'oka meno na utamu uko pale pale. Tangu siku ile karoti zangu zilikuwa na pengo. Za kwako zilibaki nzima, maana ulisema wewe si mtoto. Sasa niambie, ni mpishi gani mwingine mwenye sababu ya kukata karoti hivyo? Usidhani nilifurahi. Niliogopa, nikamkamata Ramani mkono mpaka akaniomba nimwachie.

Niliingia jikoni bila hodi. Nilitegemea kumkuta mzee. Nilimkuta dada wa miaka thelathini hivi, amejifunga kitambaa kichwani, kisu mkononi. Nikamuuliza nani alimfundisha kukata karoti namna ile. Akajibu kwamba ni Mzee, na kwamba yeye alidhani karoti za supu zinakatwa hivyo kila mahali. Nikauliza Mzee yuko wapi. Akaangalia ukutani, juu ya ubao wa kukatia.

Palikuwa na kadi ya maoni imefunikwa kwa nailoni, imekuwa kahawia kwa mafuta. Mwandiko ni wangu, wino mwekundu: "4/10. Mpishi hana moyo na anachokipika. Fanya masahihisho, ulete." Chini yake nimeweka sahihi ninayoweka kwenye kadi zote kwa mzaha: Mkaguzi.

Jina hilo alinipa nani, kama si yeye? Nilikuwa nasimama juu ya kigoda, naonja chungu chake, halafu naandika alama ukutani kwa chaki nyekundu, saba, nane, tano siku nikiwa nimenuna. Akirudi kutoka kazini aliuliza kwanza kama Mkaguzi amepita. Alipoondoka na visu vyake amevifunga kwenye taulo, wewe ulipaka ukuta ule rangi siku hiyo hiyo. Nilikaa sakafuni nikikuangalia unavyofunika alama zangu moja moja.

Chini ya kadi zilikuwa zimebandikwa karatasi ndogo za oda, nyingi, zimeandikwa kwa penseli. Ya juu kabisa imeandikwa neno Masahihisho, na limepigiwa mstari kwa rula, vile vile ninavyowalazimisha watoto wangu darasani. Chumvi nimepunguza. Tarehe. Mifupa naianza alfajiri. Tarehe. Tangawizi nimeongeza, nimeonja, nimepunguza kidogo. Karoti nimezing'oa jino. Karatasi baada ya karatasi, miaka miwili. Ya mwisho mwandiko wake umelegea: "Supu nadhani imekaa sawa. Yaliyobaki siwezi kuyasahihisha kwa kisu."

Alifariki mwaka jana, Kaka. Kifua. Alikuwa akiishi kwenye chumba cha nyuma ya jiko lile lile, mji huu huu, vituo vinne kutoka shuleni kwangu. Dada mpishi alinieleza pole pole, huku akifuta kisu ambacho kilikuwa kisafi tayari. Siku ile ya kadi, mimi nilipokuwa nakula, Baba hakujua ni nani yuko mezani. Alisoma kadi jioni, akakaa juu ya gunia la vitunguu, akamwita mhudumu amweleze mteja huyo anafananaje. Akaambiwa mwembamba, hasemi, ana kalamu nyekundu kwenye nywele. Kuanzia hapo kila Jumamosi mchana alipika bakuli moja la pembeni, akaliweka kwenye kidirisha cha kupitishia sahani, akangoja. Likipoa alilinywa mwenyewe kwa kusimama. Alipolala kitandani asiamke tena, alimwachia dada kazi hiyo, naye ameifanya mwaka mzima.

Nikamuuliza hakuchoka kumngoja mtu asiyemjua. "Mzee alisema mwalimu akikwambia ulete, lazima arudi kuangalia," akaniambia. Miaka mitatu sikurudi, na nilikuwa napita barabara ile kila wiki kwenda kwa fundi wangu.

Nikauliza kwa nini hakunitafuta, maana shule haikimbii. Hapo dada aliinamisha kichwa. Akasema Mzee alishafika nyumbani kwetu mara moja, mimi nikiwa chuoni, akamkuta mwanawe wa kwanza mlangoni. Mwanawe akamwambia kwamba Mama ndiyo kwanza ameanza kupata usingizi, na akamtaka aape kwamba hatajitokeza tena mbele ya macho yetu. Akaapa. Na kiapo alikishika, ila alikuwa akimwambia dada kwamba kupika si kujitokeza.

Sasa swali langu. Ni kweli, Kaka? Ulimkuta mlangoni, na miaka yote hii ukaninyamazia?

Nimekasirika, sitakuficha. Jumatatu nilivunja sahani, nikaokota vipande, nikatafuta nyingine ya kuvunja nikaona nitakula kwenye nini. Lakini nakumbuka Mama alivyokuwa anazunguka sebuleni mpaka kunakucha, na wewe ukizunguka naye, kesho yake una mtihani. Labda angegonga nikafungua mimi, nami ningemfukuza kwa maneno mabaya zaidi. Sina mkono msafi wa kukunyooshea kidole. Wewe ulimfungia mlango, mimi nilimpa nne.

Na ile nne haikuwa ya supu, hilo ndilo linaloninyima usingizi. Wiki ile hata maji hayakuwa na ladha mdomoni mwangu. Nilikuwa nimemzika Mama, nilitaka mtu wa kumlaumu, nikamlaumu mpishi nisiyemwona. Naye akapunguza chumvi. Kaka, akapunguza chumvi! Tangu wiki iliyopita nikiandika ubaoni chaki inagonga mara tatu, halafu nasimama nasubiri mkwaruzo. Watoto wananitazama. Juzi mmoja aliniuliza kama nimesahau jibu.

Jana nilirudi peke yangu. Mvua haikuwepo, sikuwa na kisingizio. Bakuli lilikuwa kidirishani, linatoa mvuke. Nimelimaliza lote, na karoti nilizila moja moja mwishoni, vile nilivyokuwa nikifanya utotoni. Dada mpishi alikuwa amenipa kadi mpya, akasimama upande wa pili wa kidirisha akinitazama kama mtoto aliyeleta daftari. Nikachomoa kalamu kwenye nywele. Nimeandika tarehe, nikaandika juu ya kumi, mkono ukagoma. Nikamwambia nafasi ya alama ibaki wazi, kwa sababu Mzee ana watoto wawili na mmoja bado hajaonja.

Kaburi lake nimeoneshwa. Liko nyuma ya kiwanda cha matofali, wamelitunza vizuri kuliko sisi tungelitunza. Kibao kimeandikwa Mpishi, basi. Hawakulijua jina letu la ukoo, hakulitaja kwa mtu. Fundi wa vibao anasubiri nimwambie aandike nini, na sitamwambia kabla hujanijibu.

Msalimie sana wifi, mwambie kitambaa alichonitumia nimekishonesha na kimenikaa. Wabusu wanangu wote wawili. Msalimie na mjomba wa wifi, yule wa vichekesho visivyokwisha. Ramani anakusalimu, anasema ukija yeye ndiye atakayekupokea, kwa hiyo uje na subira. Mungu awafunike nyote mlalapo na mwamkapo, na akulegeze moyo wewe hasa.

Likizo yako ni mwezi wa nane, najua. Nimemwomba dada mpishi kuanzia Jumamosi ijayo aweke mabakuli mawili kidirishani. La kwako nimemwagiza karoti nzima, kama ulivyotaka siku zote. Ukitaka zenye pengo, niandikie.

Mdogo wako akupendaye ingawa amenuna,
Mkaguzi