Namba Zilivyokutoka, Dada

Dada Chelangat,

Najua hutaisoma barua hii. Naiandika hadharani, wengine waisome, kwa sababu kuongea na wewe kumenishinda.

Nilikuwa darasa la tatu, wewe sekondari. Tulikuwa tukichuma chai katika shamba letu la Litein, mimi mstari huu, wewe ule, na ukinifundisha majina ya namba ili nisilalamike baridi. Milioni, bilioni, trilioni, kwadrilioni. Hiyo ya mwisho niliipenda mpaka nikampa ndama wetu jina hilo. Mama akashindwa kulitamka.

Siku moja nikakuuliza namba ya mwisho kabisa ni ipi.

"Taja yoyote unayoona ni ya mwisho," ukasema.

"Kwadrilioni mia."

"Haya, ongeza moja."

Nikaongeza. Ukasema niongeze tena, na tena, mpaka nikaanza kulia. Niliona kama nimesimama mahali pasipo na ukuta wa kushika. Ulitua kikapu, ukanipangusa kamasi kwa leso yako. "Haziishi," ulisema, "lakini hakuna anayekulazimisha ufike."

Ukawa mwalimu wa hesabu kule Sotik, miaka ishirini na mbili. Kisha ukaanza kusahau: kwanza funguo, halafu mlango wa darasa lako mwenyewe. Nilikupeleka hospitali. Daktari akakuomba uanzie mia moja, utoe saba, halafu utoe saba tena.

"Tisini na tatu," ulisema. Ukanigeukia.

Themanini na sita ilikuwa mdomoni mwangu, Dada. Daktari aliniinulia mkono nisiseme, nami nikatii. Mpaka leo najiuliza ningepoteza nini kukunong'onezea.

Jumamosi nilikuja kwako Soin. Shemeji aliniambia tangu wiki iliyopita hujamwita mtu kwa jina. Ulinishika mkono wa kushoto, ukaanza kuhesabu vidole vyangu, ukivibonyeza kimoja kimoja.

"Moja, mbili. Moja, mbili."

Nikangoja.

"Tatu, Dada," nikasema. Safari hii hapakuwa na wa kunizuia.

Ulitabasamu kwa adabu, vile mtu humtabasamia mgeni, ukarudi mwanzo. Moja, mbili. Nikakuachia tu ule mkono, nikakaa hapo mpaka Shemeji akaja kuwasha taa, na bado ulikuwa unahesabu.

Pumzika ukiweza, Dada.

Mdogo wako