Biskuti za Siagi ya Kibuyu

Shikamoo Mama,

Huku Miyuji upepo umenipasua midomo, ila mimi mzima. Jana nilioka zile biskuti za Kidenmaki ulizonifundisha, za siagi na nafaka ya oti. Ndiyo mara yangu ya kwanza kupika kwa mama mkwe. Siagi ya dukani aliikataa, akanipa ya kwao Mlali, iliyosukwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Nikaoka kwa sufuria, mkaa juu na chini. Biskuti zote zikanukia moshi. Alionja moja, akazifungia zilizobaki kwenye kopo. Nikajua nimeharibu.

Leo wamekuja wageni, akawaambia, "Biskuti zimeisha."

Kopo limejaa, liko chini ya kitanda chake. Nitakuletea mbili, nikithubutu kumwomba.

Mwanao akupendaye,
Rehema