Moshi Uliokukuta Edani

Mama,

Shikamoo. Kila asubuhi bado naamkia mlangoni pa chumba chako, kisha nakumbuka.

Mvua ya masika haijakatika. Banda la jiko lililoanguka bado halijasimamishwa, tunapikia ndani palepale, kwa kuni mbichi za mikoko. Masizi yanadondokea unga. Mume wangu hajarudi na msafara wa bara, kwa hiyo Shangazi, dada yake Baba, ndiye mwenye neno hapa.

Baba alipofariki kwa homa ukaingia eda, ukavikwa nguo nyeupe. Hukuwa mgonjwa. Ulikuwa na kikohozi chako tu cha jikoni, ambacho ulizoea kukipoza kwa kutoka uani kupepeta mchele. Lakini ua wa makuti nao ulikuwa umeangushwa na mvua, na Shangazi akasema mjane asionekane na wapita njia. Mlango ukafungwa. Ukabaki na moshi.

Nakuona hadi leo, umeinama kitandani, viganja juu ya magoti, unaivuta pumzi kama ndoo nzito ya kisimani. "Mwanangu, nifungulie upepo kidogo." Nilifungua, Shangazi akafunga. Nikafungua tena. Nikaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akaniambia mgonjwa ana udhuru, na aketi penye hewa. Nikarudi mbio na mvua kichwani, nimefurahi, Mama! Shangazi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu hatasemwa na watu. Tutasemwa sisi."

Akamleta mganga. Mganga akaona jini. Akakufunika shuka gubigubi, akakufukiza ubani na udi, moshi juu ya moshi. Mkono wako ukatoka chini ya shuka ukanishika kidole. Nilipiga kelele wakufunue. Wanawake wakanishika. Ulipofunuliwa ulinitazama tu, sauti huna.

Ulifariki kesho yake, kabla ya adhana ya adhuhuri.

Hapo ndipo walipoufungua mlango, Mama. Waliufungua wote, bawa hili na hili, ili jeneza lipite. Upepo wa baharini ukaingia mpaka chumba cha ndani, makuti yakatikisika. Nilisimama katikati ya nyumba naupumua, na nilitamani nisiupumue.

Sasa ni Zuhura, mjukuu wako. Alianza kwa kukohoa kidogo, leo kifua chake kinapiga mluzi. Nilipousikia nikaiangusha sufuria. Nimemwomba Shangazi tupikie barazani, akasema kuni zitalowa, na kweli zinalowa. Nimejaribu kutoboa ukuta juu ya mafiga. Mvua iliingia, udongo ukamomonyoka, ikabidi nizibe. Simlaani Shangazi. Juzi nilimkuta amekaa peke yake mbele ya moto anafuta macho kwa upindo wa kanga. Sikujua ni moshi, au ni wewe. Na yeye ameanza kukohoa.

Sina nyumba nyingine ya kumpeleka mtoto. Namkalisha kizingitini, mgongo wake kifuani mwangu, mvua inaturukia miguuni. Nahesabu pumzi zake kisha napotea, naanza upya.

Mungu akupanulie kaburi lako, Mama, akufungulie upepo wa peponi. Siwezi kukuahidi kwamba atapona. Ninachokuahidi ni hiki: mganga akija kwa Zuhura, shuka ataanza kunifunika mimi.

Mwanao,
Mwanaisha