Yule Mzee Miguuni pa Kitanda

Binti yangu Grâce,

Baba yako tulimpoteza mwaka 2016, wakati wa baridi, na siku hiyohiyo nikakupoteza na wewe. Yeye nilimzika. Wewe uko Midrand, mwendo wa nusu saa, na simu zangu hupokei. Basi nakuandikia hapa kwenye jarida la parokia, kila mtu asome.

Unakumbuka ulivyoingia dukani Malvern na kile kitabu cha chuo, ukakifungua juu ya meza yangu ya kukatia, katikati ya vitenge? Ulituonyesha picha ya mchoraji wa kale wa Uholanzi. Mtu anakufa kitandani. Kifo, mifupa mitupu, kinaingia mlangoni na mshale. Malaika yuko begani kwake, shetani anamletea mfuko wa pesa. Miguuni pa kitanda, mzee wa joho la kijani anatia sarafu kwenye kasha. Ukaeleza, kwa Kiswahili chako cha kuchechemea, kwamba huenda mzee na mgonjwa ni mtu mmoja, tamaa haikumwacha hata mwisho.

Mimi nikasema joho hilo limekula mita nne. Baba yako, pasi mkononi, akasema, "Eish, huyo si mama yako siku ya kufunga hesabu?" Tulicheka mpaka wateja wakachungulia.

Kisha ile asubuhi ya mwisho ya baba yako, chumbani kwetu. Ulifungua mlango ukanikuta nimepiga magoti miguuni pa kitanda chake, sanduku la bati wazi, nahesabu noti. Ukasema, "Kweli, mama, wewe ndiye yule mzee." Ukaondoka. Maneno ya baba yako hayo, ila yeye aliyasema kwa mapenzi.

Ungekaa kidogo ungesikia. Yeye ndiye aliyeniambia, "Fungua, hesabu kwa sauti." Aliogopa kuzikwa kwa michango ya kupitisha kofia, kama wenzetu wengi huku ugenini. Kila nilipotaja elfu, aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesali. Nilipofika randi elfu kumi na nne akasema, "Inatosha, mama Grâce. Njoo ukae." Nikaliacha sanduku wazi, nikakaa, nikamshika mkono.

Nakala ya ile picha uliyoniachia iko ukutani, juu ya cherehani. Juzi nimeona mzee ana rozari mkononi. Hukutuambia. Mchoraji alikuwa anamcheka, au alimhurumia? Mimi hesabu naziweza. Kutazama picha ulinifundisha wewe, na bado nawasimulia wateja kwamba mwanangu amesomea hayo.

Zile pesa zilinunua jeneza, na zilizobaki nimeziongezea, zimenunua jiwe. Jumapili tunalisimamisha kaburini. Gari lina viti saba, sita vimepata watu. Cha saba, karibu na dirisha, nimekikatalia watu wawili.

Sitaki uniombe radhi, wala maelezo marefu. Nijibu kabla ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni: unakuja, au huji?

Mama yako