Jina la Mwisho kwenye Orodha

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika hapa Mamboya, nami naitikia: marahaba. Babu yako anakohoa kidogo tu, mahindi yamebeba, na mama yako amehamishia kibanda chake cha chakula Dumila, pale stendi.

Orodha ya wachezaji wa mashindano yenu ya sataranji uliyotuma kutoka huko ughaibuni tumeisoma. Majina kumi, ya mabingwa watupu, na la mwisho ni lako. Moyo ulinilipuka. Unauliza, "Bibi, uliwahi kuliogopa jina la mtu?"

Niliwahi. Nikiwa msichana, Dumila kulikuwa na mashindano ya drafti, vizibo vya soda juu ya ubao. Majina yaliandikwa kwa chaki mlangoni mwa duka, nami nikapangwa na Mzee Yohana, mwalimu aliyenifundisha kusoma. Nilimwamkia shikamoo, nikakaa, mkono ukaanza kutetemeka. Kizibo chake kikakaa wazi, tayari kuliwa, nami nikasogeza changu kwingine kana kwamba sijakiona. Nilidhani ndiyo adabu.

Akaninong'oneza kwa ukali, "Mbona huli? Shikamoo yako nimeshaitikia. Sasa cheza!"

Nikala viwili kwa mpigo. Aliponyoosha mkono kujibu, nikaona unatetemeka kuliko wangu.

Orodha yako imeandika majina yao, mjukuu wangu. Haikuandika kwamba mikono yao nayo hutetemeka.

Nisamehe kwa mwandiko huu. Tangu nilione jina lako pale chini, mkono wangu nao hautulii.

Bibi yako,
Damari